Tukarabati reli ya zamani, tuibadilishe geji au tujenge SGR pembeni? Ulinganisho kwa njia zetu za mikoani

Juzi kijiweni tulikuwa tunabishana kuhusu reli ya Tanga mpaka Arusha, jamaa yangu mmoja wa Moshi kakomaa kabisa, anasema haya mambo ya mipango ya mabilioni ni kujisumbua bure, si wabadilishe tu hii iliyopo iwe SGR, ile reli mpya ya kisasa iliyo pana zaidi, tuta la kubeba reli lipo, mataruma (zile nguzo zinazolala chini ya reli) yapo, madaraja yapo, unasogeza reli moja kidogo kwa nje kazi imeisha. Pembeni alikuwepo mzee aliyestaafu reli, maisha yake yote alikuwa gangi, wale wa kutembea na nyundo na spana kukaza njia. Mzee wala hakunyanyua uso kwenye kahawa, akauliza tu, "Sawa mwanangu, umeisogeza. Sasa itakaa juu ya nini?"

Jamaa kimya. Mzee akachukua kijiti akatuchorea pale chini vumbini. Taruma la metageji, yaani reli hii ya zamani, lina urefu kama mita mbili hivi au pungufu, reli mbili zimekaa juu yake zimeachana mita moja. SGR inataka ziachane milimita 1435, kwaiyo ukichukua reli ya upande mmoja ukaisogeza milimita 435 unajikuta umefika mwisho kabisa wa taruma, reli inaning'inia hewani, na hapo bado hujaweka treni juu yake. Halafu mataruma yetu mengi ni ya chuma, sehemu za kushikia reli zimetobolewa kiwandani kwa kipimo cha mita moja, sio mti kwamba utatoboa tundu lingine pembeni upige msumari. Kwaiyo mataruma yanang'oka yote. Ukishang'oa mataruma na kokoto inabidi ipanuliwe, ukipanua kokoto tuta nalo ni jembamba, ukigusa tuta umeshafika kwenye madaraja na makalvati, na ukifika hapo ndugu yangu hubadilishi reli, unajenga reli mpya kwenye kiwanja cha zamani.

Toka siku hiyo nimeona niandike hii kitu vizuri, maana geji ni upana kati ya reli mbili, na watu wanaposema "kubadilisha geji" wanachanganya mambo manne tofauti kabisa na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Mimi sio injinia, kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini na kuisukuma bara, ila ukikaa na mizigo miaka mingi hizi geji unazijua kwa maumivu.

Vipimo kwanza, haraka haraka

Metageji ni milimita 1000, ndo hii ya Reli ya Kati, Tanga, Arusha, Mwanza, Kigoma, na ndo ya Kenya na Uganda ya zamani. TAZARA, ile ya Dar kwenda Zambia, ni 1067, geji ya kusini mwa Afrika. SGR ni 1435. Vinapimwa ndani kwa ndani, sio nje kwa nje, watu wengi wanakosea hapo. Mimi mwenyewe nilishaenda na futi ya fundi kwenye kivuko kimoja huku Pugu nikapima ya zamani, mita moja kamili na milimita chache za uchakavu. Ya SGR sikupima, ina fensi na juu kuna waya wa voti 25,000, udadisi wangu una kikomo.

Kitu ambacho huwa nakifurahia kwenye historia yetu ni kwamba geji moja ilitupata kwa bahati tu. Mwingereza alianza Mombasa 1896 na metageji kwa sababu India walikuwa wanaitumia, vifaa na mafundi wa kuleta walikuwepo. Mjerumani naye Tanga alianza 1893 na Dar 1905, na yeye kaweka mita moja. Wakaja wakapigana vita ya kwanza ya dunia, Mwingereza akaivuta reli kutoka Voi kupita Taveta mpaka ikagusa njia ya Mjerumani kule Kahe, ikaunganika bila shida yoyote, maadui wawili kipimo kimoja. Ndo maana baadaye 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa zikawa shirika moja, na 1963 wakaweka kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi, behewa likawa linaweza kutoka Kigoma likaenda mpaka Kasese Uganda bila mtu kushusha gunia hata moja. Hicho ndo kitu tunachokivunja leo, iwe kwa sababu nzuri au mbaya, na ni vizuri tukijua tunavunja nini.

Chaguo la kwanza: kusogeza reli yenyewe

Hii ndo ya jamaa wa Moshi. Sio kwamba ni ndoto, imeshafanyika. Kusini mwa Marekani, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1886, walihamisha reli zaidi ya kilomita 18,000 ndani ya siku mbili, vibarua maelfu kwa maelfu, misumari ya ndani ilishagongwa tayari wiki kadhaa kabla, siku ikifika wanang'oa misumari ya zamani, wanasukuma reli, wanagonga, wanasonga mbele. Uingereza nao reli ya Great Western mwezi Mei 1892 walimaliza kipande chao cha mwisho wikiendi moja.

Ila angalia vizuri walichofanya. Wamarekani walisogeza inchi 3 tu, kutoka futi 5 kuja futi 4 na inchi 9, na walisogeza kwa ndani. Waingereza nao walikuwa na geji pana ya zaidi ya mita mbili wakaja kwenye nyembamba. Yaani wote walipunguza. Taruma la geji pana linatosha geji nyembamba, tuta linatosha, daraja linatosha. Sisi tunataka kupanua, na kupanua ni habari nyingine kabisa.

Ukitaka kuona kupanua kunavyokuwa nenda India. Toka 1992 wana mradi wao wa kubadilisha metageji na nyembamba zake karibu zote kuwa 1676, wamefanya kazi kubwa sana hilo lazima tuwape, lakini muulize mtu wa bonde la Barak kule Assam. Njia ya Lumding kwenda Silchar inapita milimani, kazi ilianza 1996, treni za geji pana zikaanza kupita 2015, na kwa miezi ya mwisho ilibidi njia ifungwe kabisa ili watu wafanye kazi. Kufunga njia ndo gharama ambayo haiandikwi kwenye bajeti. Ukifunga Tanga–Arusha hata miaka miwili tu, mzigo wote unahamia kwenye malori, na mteja akishazoea lori kumrudisha kwenye treni ni kazi, mimi nawajua, wanataka mzigo unaofika mlangoni.

Kwaiyo hili chaguo kwetu nalifuta mapema. Ukiwa unapanua kutoka 1000 kwenda 1435, juu ya mataruma ya chuma, kwenye tuta la Mjerumani, huna unachookoa zaidi ya kiwanja. Na hata kiwanja chenyewe mara nyingi hukitaki, kona zake ni kali mno.

Chaguo la pili: kukarabati metageji ibaki metageji

Hili halina mvuto, hakuna rais anayekata utepe kwa furaha kwa sababu ya kokoto mpya, ila ukiangalia hela kwa mzigo unaobebwa mara nyingi ndo linaloshinda.

Reli ya Kati, Benki ya Dunia 2014 walitoa mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa Dar mpaka Isaka, kama kilomita 970. Ndani yake kuna reli nzito zaidi za ratili 80 kwa yadi kuchukua nafasi ya zile nyepesi, kuna madaraja, kuna mabehewa. Ukigawanya kijinga kijinga tu unapata kama dola laki tatu kwa kilomita. Njia ya kaskazini nayo, Moshi treni ilirudi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi sana watoto wameshazaliwa na kuoa bila kuona treni ya abiria. Kenya wakaamsha Nairobi–Nanyuki mwaka huohuo 2020, na Nakuru–Kisumu abiria wakarudi Desemba 2021. Nairobi treni za mjini walinunua za mitumba kutoka kisiwa cha Mallorca kule Hispania, kwa sababu na wao kule wana metageji, hii nilipoisikia nilicheka ila ukifikiria ni akili, soko la vifaa vya metageji duniani bado lipo, Brazil, Thailand, Malaysia, hata India wenyewe wanaoziacha.

Watu wanasema metageji haiwezi kubeba. Sio kweli. Brazil kuna njia ya Vitória–Minas ya metageji, imewahi kubeba chuma ghafi zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka. Afrika Kusini njia ya Sishen–Saldanha ni 1067, geji ya TAZARA kabisa, treni moja ina mabehewa zaidi ya 300. Queensland Australia abiria wanakimbia kilomita 160 kwa saa kwenye hiyohiyo 1067, spidi ileile ya SGR yetu. Kwaiyo ukiona treni ya metageji inajikongoja usiilaumu mita moja. Laumu reli nyepesi, laumu kona, laumu mataruma yaliyooza na vichwa vya treni vibovu.

Tatizo la ukarabati ni pale ambapo njia yenyewe ilipita pabaya. Kilosa mpaka Gulwe reli ya zamani inafuata mto, mto ukijaa unaibeba, mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yalifunga njia kwa muda mrefu na sio mara ya kwanza wala ya mwisho. Unakarabati, unabebwa, unakarabati tena. Pale huhitaji geji mpya, unahitaji sehemu nyingine ya kupita, na SGR ilipokuja ikatoboa mahandaki Kilosa. Hapo SGR imeshinda, ila ukiniuliza mimi nitakwambia kilichoshinda ni lile handaki, geji ilikuja nalo tu.

Chaguo la tatu: SGR mpya pembeni

Hapa ndo wote tuna maoni. Kenya na Tanzania wamefanya kitu kimoja kwa namna mbili, na kwa kweli ni raha kuziweka pembeni kwa pembeni kwa sababu majirani wawili wamekupa jaribio bure.

Kenya, Mombasa–Nairobi, kilomita 472 hivi, ilifunguliwa 31 Mei 2017, gharama kama dola bilioni 3.6, sehemu kubwa mkopo wa Exim ya China, inatumia dizeli, treni ya abiria kilomita 120 kwa saa, ya mzigo 80. Oktoba 2019 ikasogea kwenda Naivasha, kilomita 120 nyingine kwa dola bilioni 1.5, halafu ikaishia pale. Tanzania, Dar–Morogoro na Morogoro–Makutupora, njia kuu ni kilomita 541 ukiacha reli za kupishania, mikataba miwili na Waturuki wa Yapı Merkezi inafika kama dola bilioni 3.1, umeme, spidi 160, abiria wakaanza Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai. Nauli ya kawaida wakati inaanza ilikuwa 13,000 Morogoro na 31,000 Dodoma. Mizigo Kenya ekseli moja (jozi moja ya magurudumu) inabeba tani 25, sisi tulijenga kwa tani 35, mainjinia wengine wanasema tumejenga kupita mahitaji, mimi nasema daraja ukishalijenga dogo huliongezi.

Ukigawanya, Kenya kama dola milioni 7.6 kwa kilomita, Tanzania kama milioni 5.8, ila usikimbilie kuzipiganisha hizo namba, mkataba wa Kenya ulikuwa na vichwa na mabehewa ndani, sisi treni tulinunua kwa mikataba mingine, na wao wana daraja refu limepita juu ya mbuga ya Nairobi. Kinachonivutia zaidi ni kuweka hiyo milioni 5.8 pembeni ya ile laki tatu ya ukarabati. Karibu mara ishirini. Yaani kwa hela ya kilomita moja ya SGR unakarabati kilomita kama 19 za metageji. Sasa SGR ikikubebea mzigo mara ishirini sawa, na njia kama Dar–Dodoma–Isaka yenye Rwanda, Burundi na Kongo mwishoni inaweza ikafika huko siku moja, TRC, shirika letu la reli, wenyewe wanasema treni moja ya mzigo ina uwezo wa tani 10,000. Lakini niambie njia ya mkoani inayopitisha treni mbili tatu kwa wiki itatoa wapi huo mzigo.

Na mzigo haulazimishwi. Kenya walijaribu, ikatoka amri makontena yaende na SGR mpaka bandari kavu ya Nairobi, Mombasa madereva na mawakala wakaingia barabarani, mjini kukawa kama kumekufa, mpaka Septemba 2022 Rais Ruto alipoingia akarudisha utoaji mizigo Mombasa. Wakala anapeleka mzigo kwenye bei nafuu na kwenye uhakika, basi.

Kwa abiria SGR ni kitu kizuri sana wala sibishi. Dar–Dodoma chini ya saa nne, umekaa, simu inachaji, ule mchongoko, treni yenye pua iliyochongoka, unavyokata Pwani hadi unasahau foleni ya Kimara. Basi ni siku nzima. Stesheni ya Dar iko katikati ya mji, hiyo ni bahati kubwa, Nairobi wenzetu wanashukia Syokimau halafu wanachukua treni nyingine ya metageji kuingia mjini, ile ya zamani waliyokuwa wanaisema vibaya ndo inawafikisha nyumbani.

Chaguo la nne: reli ya tatu

Hili watu hawalijui sana na ndo napenda kuliongelea. Unaweka mataruma marefu ya SGR, unaweka reli mbili za 1435, halafu katikati unaongeza reli ya tatu mita moja kutoka mojawapo. Treni zote mbili zinapita. Vietnam wanayo, Hanoi kwenda mpakani na China Dong Dang, metageji na 1435 kwenye tuta moja. Inawezekana kwa sababu tofauti ya 435 inaacha nafasi ya kutosha kwa kichwa cha reli, vishikizo na ukingo wa gurudumu.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa TAZARA na metageji. Tofauti ni milimita 67. Upana wa vidole vinne. Reli yenyewe kitako chake ni kipana kuliko hapo, hazikai. Ndo maana Dar es Salaam, mji mmoja, reli mbili karibu sawa kwa macho, lakini behewa la huku halikanyagi kule, ukitaka kuziunganisha kwa taruma moja unahitaji reli nne. Wakajenga kituo cha kuhamishia mzigo Kidatu, pale njia hizo mbili zinapokutana, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nchi moja ina geji tatu, na mbili kati yake zinapishana vidole vinne tu.

Reli ya tatu ina adha yake, pointi zake (pale treni inapohamia njia nyingine) ni za ajabu, matengenezo ni mara mbili, na kwenye SGR ya umeme ya spidi 160 hutaki treni ya mzigo ya metageji inayotembea 40 ikukae mbele. Mimi naiona inafaa vipande vifupi tu, ndani ya bandari, ndani ya yadi, kilomita chache za kuingia stesheni. Sio mia tatu.

Pale geji inapovunjika

Hapa ndo nilitaka kufika toka mwanzo. Mimi kuhusu geji sina dini, ninachoogopa ni mahali zinapokutana. Niliwahi kuwa na mzigo wa mbolea uliotakiwa kutoka behewa moja kwenda lingine, sitataja wapi. Magunia ya kilo 50, vijana wanabeba kichwani kutoka mlango wa behewa hili kwenda mlango wa lile, hatua kama nane hivi, jua la saa saba, mifuko inachanika, chini kumekuwa kweupe. Ile kreni ilikuwepo ila haikuwa na mafuta. Siku tisa. Mzigo ulishatembea kilomita mia kadhaa kwa siku mbili, hatua nane zimekula siku tisa. Mwenye mzigo hakuniuliza spidi ya treni.

Kwaiyo kipimo changu mimi ni hiki, kama lazima geji ivunjike basi ivunjike pale ambapo mzigo ungeshushwa hata kama geji ingekuwa moja. Bandarini unashushwa hata hivyo. Bandari kavu, hata hivyo. Ziwani hivyohivyo, kwenye kiwanda, kwenye ghala. Ila ukiivunja katikati ya safari, mahali ambapo mzigo hauna shughuli, umemwongezea mteja siku na hela bila kumpa chochote. Na kama ni kontena kidogo nafuu, kreni inalihamisha kwa dakika, ila mbolea, saruji ya mifuko, nafaka, mafuta, hapo utaumia.

Ukiangalia kwa jicho hilo Naivasha unaielewa. SGR inaishia bonde la ufa, mzigo wa Uganda unahamia metageji pale, wakajenga kipande cha kuunganisha mpaka Longonot na kukarabati njia ya zamani mpaka Malaba. Mzigo wa Kampala hauna ndugu Naivasha. Uganda sasa na wao Oktoba 2024 wamesaini na Yapı Merkezi kilomita 272 za SGR kutoka Malaba mpaka Kampala, kwa euro bilioni 2.7, kwaiyo kabla Kenya haijafika Malaba mzigo utavunjwa mara mbili, Naivasha na Malaba. Ikishafika sawa, itakuwa tamu. Katikati hapo Mungu atusaidie.

Sasa njia kwa njia, kwa maoni yangu

TAZARA iachwe 1067, kabisa kabisa. Kuna watu wanataka iwe SGR ili ifanane na Reli ya Kati. Lakini mzigo wa TAZARA unatoka na kwenda Zambia, Katanga, Zimbabwe mpaka Afrika Kusini, na wote hao wana 1067. Kwa TAZARA geji ya kawaida ni ya jirani wa kusini. Na ndo mwelekeo wenyewe, makubaliano yaliyosainiwa Beijing Septemba 2024 ni ya kuifufua, na hela inayotajwa ya kampuni ya Kichina ni kama dola bilioni 1.4 kwa kilomita 1,860. Linganisha na bei za SGR hapo juu utaona wamefanya hesabu.

Tanga–Arusha, karabati, na fanya ukarabati wa kweli, reli nzito, kokoto, madaraja. Mzigo wake ni saruji, mafuta, mbolea, ngano, na unaanzia bandarini Tanga au kiwandani na unaishia Moshi au Arusha, haumkuti jirani mwenye geji nyingine njiani. SGR ya Tanga–Arusha–Musoma ipo kwenye mipango na sababu yake kubwa ni magadi soda ya Engaruka. Siku mgodi ukianza kweli kuchimba, sio kwenye makaratasi, siku hiyo mzigo utakuwepo na SGR ijengwe, tena kwenye njia yake mpya sio juu ya hii. Kabla ya hapo jamaa yangu wa Moshi avumilie.

Voi–Taveta sina la kusema, barabara ya lami ipo na malori yameshachukua.

Nakuru–Kisumu ina jambo watu wanalisahau, ziwa. Meli kama MV Uhuru ina reli za metageji kwenye sitaha, mabehewa yanaingia melini Kisumu yanatokea Port Bell, magurudumu yakiwa chini yake. MV Umoja ya Mwanza nayo vilevile. SGR ikifika Kisumu na Mwanza, behewa la 1435 halipandi pale. Kwa kipimo changu ziwani ni mahali pazuri pa kuvunja geji, lakini ni lazima uweke kreni na gati la makontena kabla hujaua behewa la kwenda majini, sio baada. Mwanza–Isaka iko kwenye ujenzi, nasubiri kuona kama gati litaendana nayo.

Kaliua–Mpanda ndo inaninyima usingizi. Kilomita 210 za metageji, ilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, leo inabeba watu, mpunga, mahindi na asali, na kuna vijiji masika treni ndo usafiri pekee wa uhakika. Njia kuu Tabora–Kigoma inajengewa SGR. SGR ikishaanza, kuna siku mtu mmoja ofisini ataangalia hesabu aseme tuna reli mbili zinazokwenda pamoja Tabora, tufunge moja, atafunga ya zamani, na Mpanda itakuwa yatima, mita moja imezungukwa na 1435. Kuibadilisha iwe SGR mzigo wa mpunga hautalipa hata riba. Kuiacha bila njia kuu haina maana, behewa la Mpanda likiharibika litapelekwa kutengenezwa wapi, karakana ya Morogoro italifikia kwa njia gani?

Hapa mimi ningefanya hivi, metageji ya Tabora mpaka Kaliua ibaki hai hata kwa treni moja kwa siku, Kaliua kijengwe kituo cha kuhamishia chenye majukwaa mawili yanayotazamana, huku metageji huku SGR, abiria avuke hatua tano na mzigo uhame kwa foklifti, na ghala la nafaka liwekwe palepale, ili gunia la Mpanda likishushwa Kaliua liwe limeshuka kwa sababu mnunuzi yupo pale. Kreni iwe na mafuta.